Soli za Chiriku

Wivu wa fundi viatu ulianzia kwenye soli. Si ajabu, maana kwake kila kitu kilianzia chini kikapanda juu. Mteja akisimama mbele ya meza yake hakumtazama usoni kwanza, alimtazama miguu, na kabla hata ya salamu alikwishajua huyu ana goti bovu, huyu ana haraka zisizo na sababu, na yule mwingine anajitia kuvaa viatu vya kisasa na huku vinambana mpaka machozi yanamlengalenga. Kibanda chake kilikuwa mkabala na lango la hospitali. Palikuwa mahali pazuri kwa kazi hiyo, kwa sababu hospitalini watu husubiri sana, na mtu anayesubiri huishia kutazama viatu vyake na kugundua kuwa vimekwisha.

Asubuhi hiyo aliyesimama mbele ya meza alikuwa Chiriku.

"Wifi, za toka juzi? Niwekee soli mpya, hizi zimeniaga. Jana nimekanyaga kokoto nikaisikia mpaka kwenye meno, nikasema leo siendi popote mpaka wifi yangu anihudumie. Kaka hajambo? Mwambie asiache yale mazoezi ya ulimi. Jumanne nitamuuliza."

Yote hayo aliyasema polepole, kwa ulimi mzito uliokuwa ukiburuta maneno, lakini aliyasema yote. Jina la Chiriku alipewa utotoni kwa sababu ya mdomo usiotulia, na ugonjwa ulikuwa umempunguzia kasi tu, haukumpunguzia maneno.

Hilo neno wifi lilimkwaruza fundi masikio. Chiriku hakuchangia baba wala mama na mume wa fundi. Walikuwa watu wa kabila moja tu, kabila dogo lililoishi hapo kabla mji haujawa mji, na katika kabila hilo kila mtu alimwita mwenzake kaka au dada, wakiwemo wale ambao zamani walitazamana kwa macho yasiyokuwa ya kaka wala ya dada.

Fundi akavipokea viatu, akavipindua. Ukingo wa nje umelika mpaka kwenye uzi. Kisigino kimechongeka mshazari. Mbele, upande wa kushoto, mkwaruzo mrefu wa mguu unaoburutwa. Akainama, akatoa chini ya meza viatu vya mumewe alivyokuwa amevileta kurekebisha, akaviweka pembeni. Vilikuwa vimelika vilevile, mahali palepale, kwa kiasi kilekile, utadhani hao wawili walikuwa wametembea njia moja wameshikana mikono.

Kijiba cha roho kikamkaa hapohapo, na hakikutoka.

Lazima ijulikane kwanza fundi huyu aliingiaje katika nyumba ile. Watu wa mumewe walikuwa na ugonjwa wao, wakiuita Yumba. Aliyepatwa na Yumba huanza kujikwaa mahali pasipo na kitu. Kisha kikombe kinamponyoka. Kisha ulimi unakuwa mzito, na wasiomjua hudhani amelewa asubuhi asubuhi. Wengine huwaanza wakiwa watoto, wengine huwangoja mpaka wawe na ndevu na madeni. Akili haiguswi. Mtu anabaki mzima ndani yake, anajiona anavyoyumba.

Wazee wa kabila hilo waliuchunguza ugonjwa huo kwa macho yao vizazi na vizazi, wakaweka sharti: nyumba mbili zenye Yumba zisioane. Mtoto wa kiume wa nyumba kama hiyo atafutiwe mke ng'ambo ya mto, kwa watu waliokuja baadaye, wasiojua Yumba ni kitu gani. Damu ngeni, walisema, inasafisha.

Mumewe, wakati huo kijana fundi rangi mwenye ngazi yake na ndoo zake, alikuwa akimpenda Chiriku. Hilo hakulificha mtu, hata fundi viatu aliambiwa wiki ya kwanza ya ndoa na jirani mmoja aliyejidai anamtakia mema. Nyumba ya kijana ilikuwa na Yumba, ya Chiriku pia. Sharti likasimama katikati yao. Mama wa kijana akavuka mto na kurudi na mchumba, binti wa mshona viatu, mwenye afya, mchapakazi, asiye na mgonjwa wa aina hiyo katika ukoo wake wote. Wakweze wakampenda, hilo hawezi kulikana. Lakini walimwita Mgeni siku ile na hawakuacha kumwita Mgeni mpaka leo.

Yeye mwenyewe aliijua thamani yake. Aliletwa kuwa dawa. Na dawa ilifanya kazi, kwa maana walizaa binti mmoja, mcheshi, mwepesi wa kusoma, na bibi yake hakuchoka kumsifu mbele za watu: "Huyu hana wasiwasi. Damu ya Mgeni imemkinga." Fundi alikuwa akijifanya hakusikia, lakini moyoni aliyapanga maneno hayo vizuri. Chiriku alipewa mapenzi, yeye alipewa hilo. Kama angezaliwa na Chiriku, mtoto huyo asingekuwa salama. Hiyo ndiyo iliyokuwa kete yake, na aliilalia kila usiku.

Basi Yumba ikampata mumewe akiwa mtu mzima. Alianguka kutoka kwenye ngazi, akasema ngazi mbovu. Akaanguka tena bila ngazi. Na Chiriku, ambaye aliolewa mjini na mwanamume aliyemkimbia mara tu alipoanza kujikwaa, alikuwa tayari mgonjwa mzoefu. Hospitali ikaanzisha mazoezi kila Jumanne katika ukumbi wa nyuma. Wale ambao wazee waliwatenganisha wasioane, ugonjwa ukawakutanisha kila wiki, tena kwa ratiba.

Mara moja tu fundi alikwenda kuwatazama. Alisimama mlangoni ameshika mfuko wa mumewe. Ukumbi ulinuka dawa ya kupigia deki, na sakafuni walikuwa wamebandika utepe mweupe mrefu ambao wagonjwa walitakiwa kuufuata, kisigino kikigusa kidole. Mumewe alikwenda hatua chache, akapoteza mwelekeo, akamwangukia Chiriku, na Chiriku akauangukia ukuta. Mwalimu wa mazoezi akakimbilia. Wao walikuwa wanacheka. Mumewe alisema kitu ambacho fundi, mke wake wa miaka yote hiyo, hakukielewa hata neno moja. Chiriku alikielewa papo hapo, akamjibu, na wakacheka upya.

Nyumbani alikuwa hajacheka hivyo tangu aiuze ngazi yake. Fundi akaurudisha mfuko begani, akarudi kibandani, akatoboa ngozi ya kiatu cha mteja kwa msharasi mahali ambapo haikupaswa kutobolewa.

Jioni akamuuliza mumewe, akijitahidi sauti isimtoke kwa ukali, na ikamtoka kwa ukali.

"Wewe na yule mwanamke mna nini?"

Mumewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono yote miwili imeshika kikombe. Alichukua muda. Kila jibu sasa lilichukua muda.

"Tuna Yumba," akasema.

"Nimekuuliza swali la maana."

"Na mimi nimekujibu. Kwake sihitaji kurudia neno mara tatu. Wewe nikisema unaniangalia mdomo kama unatafuta kitu kilichoanguka. Nachoka, mama watoto. Sikulaumu. Nachoka tu."

Fundi angependa zaidi asikie kwamba wanapendana. Mapenzi angeyagombania, angevunja vyombo, angemwita mama mkwe aje aamue. Sasa mtu anagombaniaje ugonjwa? Alikaa kitandani akajisikia mtu wa kuonewa, na akajua kabisa kuwa ni upuuzi mwanamke mzima, mwenye miguu inayokwenda sawa, kumwonea wivu mwenzake asiyeweza kuvuka barabara. Kujua huko hakukumpunguzia hata chembe.

Akaamua kumshika mumewe kwa njia aliyoiweza. Akamtengenezea soli ambazo hakuna fundi mwingine aliyewahi kuzitengeneza: mpira mzito, mpana kuliko kiatu chenyewe, kisigino kimetanuliwa nje ili mguu ukiyumba ukute pa kuegemea. Alizifanyia majaribio, akazikata upya, akazichonga kingo zisikwaze. Mumewe alivaa viatu hivyo, akavuka chumba bila kushika ukuta. Akageuka, akamtazama mkewe, na macho yakamjaa machozi. Fundi alilala vizuri siku hiyo.

Jumanne iliyofuata Chiriku akafika kibandani amejishikilia kwenye nguzo.

"Wifi, nimeviona viatu vya kaka. Ametutambia ukumbi mzima, tumekoma. Amepita juu ya ule utepe kama bwana harusi. Hebu nitengenezee na mimi hivyohivyo."

"Mpira wa aina hiyo umekwisha," fundi akasema.

Bunda la mpira lilikuwa limesimama nyuma yake, limeegemea ukuta, jeusi, nene, refu kufika kiunoni. Chiriku akalitazama. Akamtazama fundi.

"Haya," akasema baadaye. "Ukipatikana utaniambia."

Fundi akamwekea soli za kawaida, nyembamba, nzuri tu kwa mtu mzima wa afya. Wakati anazipiga nyundo, binti yake alikuwa ametoka shule, ameketi kwenye kigoda cha wateja, na katika kuchezacheza akalipiga teke kopo la gundi likamwagika lote.

"Wewe mtoto una miguu ya wapi?" mama yake akafoka. "Na hivyo viatu vimeshaisha tena? Mwezi uliopita tu nimevitia viraka. Unakula viatu wewe, si bure."

"Najikwaa tu, mama."

"Unajikwaa kwa kuwa hutulii. Viweke hapo."

Binti akavivua, akaviweka kwenye sanduku la kazi zinazosubiri. Fundi hakuvitazama. Alikuwa akimtazama Chiriku anayeondoka na soli hizo mpya, anavyopanua miguu, anavyotafuta ardhi, na alikuwa akiiwaza Jumanne ijayo.

Muda si mrefu akaja daktari wa vinasaba. Hakuwa wa kwanza. Kabla yake walikuja wengine, wakachukua damu ya kabila zima, wakaondoka nayo, na hawakurudi hata kusema asante. Kwa hiyo safari hii kamati ya wenyeji ilimkalisha daktari chini kabla hajafungua sanduku lake na kumpa masharti: jina la kabila lisiandikwe kwenye majarida yao, na kila atakayetoa damu, awe mgonjwa au mzima, awe mwenyeji au mpita njia, akitaka jibu lake aitwe aambiwe uso kwa uso. Daktari akakubali. Mkutano ukafanyika katika ukumbi uleule wenye utepe.

Alikuwa mtu mpole, mwenye kuchora vizuri. Alichora ubaoni duara na mistari, nyumba hii na nyumba ile, akashuka nazo kizazi baada ya kizazi.

"Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni," akaeleza. "Moja kwa baba, moja kwa mama. Ukiwa na nakala moja yenye kasoro ya Yumba, huumwi. Utaishi, utazeeka, hutajua. Ukiwa nazo mbili, ndiyo Yumba. Sasa nyinyi mlikuwa wachache hapa, mkaoana wenyewe kwa wenyewe muda mrefu. Mtu mmoja wa zamani sana alikuwa na nakala hiyo, watoto wake wakawa wengi, nayo ikaenea kimyakimya. Tumejuaje ni mmoja? Kwa sababu kila mgonjwa tuliyempima, vipande vya vinasaba vilivyo jirani na ile kasoro vinafanana. Vimepangwa vilevile."

Hilo fundi alilielewa upesi. Akiletewa viatu vitatu kutoka mitaa mitatu vyenye mshono wa aina moja, alijua fundi ni mmoja.

Daktari akachora mstari kutoka nyumba ya mume wa fundi, akauchora mwingine kutoka nyumba ya Chiriku, akaipandisha yote miwili mpaka ikakutana juu kabisa. Wagonjwa walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Mumewe akamgusa Chiriku kiwiko, akamwonyesha pale mistari ilipokutana. Fundi, nyuma, kati ya wazima, akatafuta mahali pake kwenye ule ubao. Palikuwa na mstari mfupi uliotoka pembeni, usiotokana na mtu yeyote, ukaungana na mumewe na kuishia hapo. Huyo ndiye alikuwa yeye.

"Nahitaji pia damu ya watu wa ng'ambo ya mto," daktari akasema. "Ya kulinganishia tu. Ili nionyeshe tofauti."

Fundi akasimama.

"Kaa, Mgeni," mama mkwe akamvuta nguo. "Hayo hayakuhusu wewe."

Neno hilo ndilo lililomsukuma. Akapita mbele ya mstari wa wagonjwa, akapita mbele ya Chiriku, akakunja mkono wa nguo mpaka begani. Hakuwa na haja ya kujua lolote. Alitaka tu na yeye achomwe sindano, na yeye awe na kichupa chake mle ndani ya sanduku pamoja na vyao.

Majibu yalichukua msimu mzima. Katikati ya hapo Chiriku alianguka kwenye ngazi za hospitali. Fundi aliona kutoka kibandani: soli nyembamba ilikosa ukingo wa ngazi, mwili ukafuata. Walimbeba ndani. Alirudi na mkono umefungwa plasta, na alipopita mbele ya kibanda akasalimia kama kawaida, "Wifi, hujambo," akaendelea. Fundi akainamia kazi yake. Alijisikia vibaya, na hapohapo akakumbuka kile kicheko cha ukumbini, akajizuia kujisikia vibaya.

Waliitwa mmoja mmoja. Mama mkwe alitoka kwa daktari amenuna. Miaka yote alikuwa akiapa kwamba Yumba ya mwanawe ilitoka upande wa marehemu mumewe, na sasa ameambiwa na yeye aliitoa nusu.

Zamu ya fundi ilipofika aliingia akiwa na haraka, ana kazi za watu mezani. Chumba kilikuwa kidogo, na viti vitatu na boksi la tishu lililokaa katikati ya meza. Daktari alikuwa na nesi pembeni. Fundi akawatazama miguu: daktari alikuwa akikanyagisha kisigino kimoja juu ya kiatu cha pili, bila kutulia.

"Ulitoa damu ya kulinganishia," daktari akaanza. "Tulitegemea isiwe na kitu. Kwa watu wa ng'ambo ni nadra mno. Lakini wewe una nakala moja ya Yumba. Hutaumwa, hilo uwe na hakika nalo. Na vipande vya jirani vimepangwa kama vya hawa. Maana yake hapo zamani, zamani ambayo hakuna anayeikumbuka, mtu wa huku alivuka mto, akazaa kule, akasahauliwa. Wewe umetokana naye."

Sasa kinachofuata fundi hajamsimulia mtu, na hatamsimulia, lakini kilitokea. Alifurahi. Furaha ilimpanda kifuani kabla akili haijafika. Akauona ule ubao, akauona mstari wake mfupi wa pembeni unarefuka, unapanda, unafika juu kule mistari ya mumewe na Chiriku ilikokutana. Akamwona mama mkwe akimeza lile jina la Mgeni. Hata akatabasamu.

"Kwa hiyo na mimi ni wao," akasema.

"Ndiyo, kwa sehemu." Daktari akamtazama nesi. "Mna watoto?"

"Mmoja. Wa kike. Yeye yuko salama, hana..."

Alikuwa mtu wa hesabu za ngozi na uzi, na hesabu hii haikuwa ngumu. Nakala mbili mbovu za baba: lazima mtoto apate moja. Nakala mbili za mama: moja nzima, moja mbovu.

"Nusu kwa nusu," daktari akasema kwa upole. "Anaweza kuwa mzima kabisa. Hatumpimi mtoto asiye na dalili mpaka akue aamue mwenyewe. Umewahi kuona dalili yoyote? Kujikwaa, kudondosha vitu?"

Fundi akafungua mdomo aseme hapana. Akaiona tena ile gundi inasambaa chini ya kigoda.

Hakuaga vizuri. Alivuka barabara, akaingia kibandani, akalivuta lile sanduku la kazi zinazosubiri. Viatu vya shule vilikuwa vimerudi humo kwa mara nyingine, chini kabisa, maana vya mtoto wa fundi hungoja vya wateja. Akavipindua. Ukingo wa nje umelika mpaka kwenye uzi. Kisigino kimechongeka mshazari. Mbele, upande wa kushoto, mkwaruzo. Na juu ya mkwaruzo, viraka vyake mwenyewe, kimoja juu ya kingine, alivyovipiga kwa mikono yake huku macho yako kwingine. Soli za Chiriku alikuwa amezisoma mpaka angeweza kuzichora gizani. Hizi hakuzisoma hata mara moja, kwa kuwa alikwishaambiwa hazina la kusoma.

Alilia, lakini si sana, kwa sababu watu walikuwa wakipita. Kisha akalivuta bunda la mpira kutoka ukutani, akalilaza juu ya meza, akaanza kukata.

Alikuwa amemaliza jozi ya kwanza kivuli kilipoanguka mezani. Chiriku, mkono kwenye plasta, mwingine kwenye nguzo.

"Umepatikana?" akauliza, akiutazama mpira.

"Ulikuwepo."

"Najua."

"Nilikuwa na wivu nawe."

"Hilo pia najua, wifi. Mimi ulimi wangu ndio mbovu, macho hayana kitu." Akataka kucheka. "Ungejua ninavyokuonea wivu mimi. Wewe ndiye unayemfunga kaka vifungo asubuhi."

Fundi akamsogezea jozi iliyokuwa tayari. Ilikuwa saizi ya Chiriku, na hakumpima, hakuwa na haja. Chiriku akainama kuipokea, na hapo akaviona vile viatu vidogo vya shule, vimelazwa chali pembeni ya kisu. Akavishika kwa mkono wake mzima, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo ulioliwa, taratibu, mpaka mwisho. Yeye pia alizijua soli hizo. Akakitafuta kigoda, akakaa.

"Kaka anajua?"

"Bado. Sijui nitamwambiaje. Wewe ndiye wa kwanza kujua."

Wagonjwa waliingia na kutoka langoni. Mtu mmoja alisimama akauliza kama viatu vyake viko tayari, akaziona nyuso za wanawake wale wawili, akasema atapita kesho.

"Tutamwambia pamoja," Chiriku akasema mwishowe. "Jumanne." Akavirudisha viatu vidogo mezani na kuvisogeza mpaka vikagusa ule mpira mweusi. "Za mtoto usizikate kama zangu, wifi. Zitanue zaidi huku nje. Huyo bado anakimbia."